Waya au mawimbi? Namna ya kufikisha video sebuleni Bamburi bila kukwama

NYUMBA nyingi za Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, zimejengwa kwa vitu viwili vilivyoipa sehemu hiyo umaarufu: mawe ya matumbawe na saruji. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoasisiwa mwaka wa 1951 na kuanza uzalishaji mwaka wa 1954, kilitegemea miamba ya matumbawe ya kale iliyolala chini ya ardhi ya pwani. Sehemu ya machimbo yake ilianza kupandwa miti mwaka wa 1971, na leo inajulikana kama Haller Park.

Mawe hayo hayo na saruji hiyo hiyo, vinavyoifanya nyumba isimame imara mbele ya upepo wa bahari, ndivyo vinavyoyazuia mawimbi ya waifai kupita kutoka chumba kimoja hadi kingine.

Jambo hili lina gharama. Familia inayolipia intaneti kila mwezi, inapoona mechi imesimama ghafla huku kiduara kikizunguka katikati ya kioo cha runinga, hudhani kwamba dawa ni kununua kifurushi kikubwa zaidi. Ikiwa kasoro haiko kwenye kifurushi bali katika mita chache za mwisho kati ya ruta na runinga, pesa hizo za ziada hupotea bure, mwezi baada ya mwezi. Kwa hivyo swali la kutumia waya au mawimbi ni swali la matumizi ya nyumbani kama lilivyo la kiufundi.

SAFARI MBILI

Katika mazungumzo ya mitaani, neno waifai limechukua maana ya intaneti yenyewe. Mtu husema waifai imekatika ilhali kilichokatika ni waya wa faiba nje ya ua. Ni muhimu kuvitenganisha vitu hivi viwili.

Safari ya kwanza ni ile inayoileta intaneti hadi nyumbani, iwe ni kwa faiba, kwa mnara wa simu au kwa setilaiti. Safari ya pili huanzia kwenye ruta na kuishia kwenye runinga, rununu au tarakilishi. Waifai ni njia mojawapo tu ya safari hii ya pili. Njia nyingine ni waya.

Safari ya kwanza imebadilika mno Mombasa. Kabla ya mwaka wa 2009, Kenya iliitegemea setilaiti kuwasiliana na intaneti ya ulimwengu, na huduma ilikuwa ghali na ya polepole. Mnamo Juni 2009 kebo ya TEAMS kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, iliwasili ufuoni Mombasa. Julai mwaka huo kebo ya SEACOM ikazinduliwa, na mwaka wa 2010 EASSy ikafuata. Mji uliopokea majahazi ya kaskazi kwa karne nyingi ukawa lango la intaneti la Afrika Mashariki. Netflix ilipofungua huduma yake nchini Januari 2016, nyumba zilizokuwa na faiba ziliweza kuipokea bila taabu.

Hata hivyo, lango nalo huweza kuziba. Mnamo Mei 12, 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa, zikiwemo Kenya na Tanzania. Siku kama hiyo hakuna waya wala ruta ya nyumbani inayoweza kusaidia. Mwenye nyumba hana mamlaka juu ya safari ya kwanza, lakini ya pili iko mikononi mwake.

VIDEO HUSAFIRI VIPI?

Ingawa husemwa kwamba video inatiririka, kwa kweli haiji kama maji ya mfereji. Hukatwa vipande vya sekunde chache kila kimoja, na kila kipande huandaliwa katika viwango kadhaa vya ubora. Programu ya kutazamia huvipakua vipande hivyo na kuviweka akiba kabla ya kuvionyesha, mithili ya mtu anayejaza mitungi kwa kujua kwamba maji ya bomba yanaweza kukatika wakati wowote.

Mtandao ukilegea, akiba ndiyo hutumika. Ukizidi kulegea, programu huchagua vipande vya ubora wa chini, na picha huingia ukungu. Akiba ikiisha kabisa, picha husimama.

Hapa ndipo filamu na mechi zinapotofautiana. Filamu iko tayari yote, kwa hivyo akiba yake inaweza kuwa kubwa. Mechi ya moja kwa moja haina akiba ya namna hiyo, kwa sababu mpira ambao haujapigwa uwanjani hauwezi kupakuliwa. Akiba yake huwa ndogo, na hata mtikisiko mfupi wa mtandao huonekana. Ndiyo maana nyumba moja huweza kutazama tamthilia usiku kucha bila shida, kisha ikakwama mara kumi katika mechi ya dakika 90.

Kasi inayohitajika si kubwa kama wengi wanavyodhani. Netflix hupendekeza megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya mistari 720, megabiti 5 kwa mistari 1080, na megabiti 15 kwa ubora wa 4K. Kwa hesabu rahisi, megabiti 5 kwa sekunde kwa muda wa saa nzima ni gigabaiti 2.25. Kifurushi cha megabiti 10 kinaweza kubeba runinga mbili za mistari 1080 kwa tabu, lakini hakiwezi kubeba filamu moja ya 4K. Katika hali hiyo kosa ni la kifurushi, na kubadilisha waya hakutafaa kitu.

Waya na waifai zote mbili, kwa takwimu zilizoandikwa kwenye maboksi yake, huzidi mahitaji hayo mara nyingi. Tofauti yake haiko katika kasi ya juu kabisa. Iko katika uthabiti, yaani kama kasi hiyo hudumu vile vile kutoka sekunde moja hadi nyingine.

ASILI YA MITANDAO HII

Ajabu ni kwamba mtandao wa waya uliomo majumbani una asili yake hewani. Mwaka wa 1971, Norman Abramson na wenzake katika Chuo Kikuu cha Hawaii walianzisha ALOHAnet, mtandao uliounganisha visiwa kwa redio. Kituo chochote kilituma ujumbe kilipotaka. Jumbe mbili zilipogongana, kila kituo kilisubiri kwa muda wa kubahatisha kisha kikatuma tena.

Robert Metcalfe, aliyefanya kazi katika maabara ya Xerox PARC huko California, alilichukua wazo hilo na kulitia ndani ya waya mwaka wa 1973. Mtandao huo aliuita Ethernet. Mwaka wa 1983 ulipewa kanuni rasmi, nambari 802.3.

Mawimbi nayo yalirejea kwa mlango mwingine. Mwaka wa 1985 Marekani iliruhusu masafa kadhaa ya redio kutumiwa na umma bila leseni. Kanuni ya kwanza ya mtandao wa hewani, 802.11, ilitolewa mwaka wa 1997 ikiwa na kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, na jina Wi-Fi likaanza kutumika mwaka wa 1999. Kasi ilipanda hadi megabiti 54, kisha zikafuata kanuni mpya mwaka wa 2009 na 2013. Wi-Fi 6 ilianza kuidhinishwa rasmi mwaka wa 2019 na Wi-Fi 7 mwaka wa 2024.

Tangu hapo njia hizi mbili zimetengana kitabia. Katika waya wa kisasa, kila kifaa kina njia yake hadi kwenye ruta, na hutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Waifai imebaki kama baraza: msemaji ni mmoja kwa wakati, na wengine husubiri zamu. Jirani anayetumia chaneli hiyo hiyo ni mshiriki wa baraza hilo, hata kama hana neno la siri la nyumba ya pili. Katika majengo ya orofa ya Bamburi, ambako ruta kumi au zaidi huweza kusikika kutoka sebule moja, zamu hizo huwa ndefu saa za jioni, wakati kila mtu amerudi kutoka kazini.

WAIFAI KATIKA NYUMBA YA MAWE

Waifai hutumia hasa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa takriban sentimita 12.5, na lile la gigahezi 5 takriban sentimita 6. Wimbi refu hupenya ukuta vizuri zaidi, ilhali lile fupi hubeba data nyingi zaidi lakini huchoka upesi.

Masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, nazo ni 1, 6 na 11. Tena hutumiwa na vifaa vya Bluetooth, na tanuri la maikrowevu huyavuruga linapowashwa. Masafa ya gigahezi 5 yana chaneli nyingi zaidi, na aghalabu ni bora kwa video, mradi ruta na runinga ziwe katika chumba kimoja au vyumba vinavyopakana.

Kuta za Bamburi hazina huruma kwa masafa hayo. Tofali la matumbawe ni nene, na likiingia unyevu wa masika huzidi kunyonya mawimbi, kwa kuwa maji ni adui mkubwa wa redio. Zege ya dari ina nondo ndani yake. Vyuma vya madirisha, mabati, vioo vya kujitazamia na majokofu hurudisha mawimbi yalikotoka. Tangi la maji lililo kati ya ruta na chumba cha kulala ni kama ukuta wa ziada.

Umbali nao una hesabu yake. Hata mahali pasipo na ukuta wowote, umbali ukiongezeka maradufu, nguvu ya mawimbi hupungua hadi robo.

Katika nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba pande zote mbili, mahali pabaya pa kuweka ruta ni pembeni mwa chumba cha mbele, ingawa ndipo fundi wa faiba hupenda kuiacha kwa sababu waya wake huingilia hapo. Mawimbi yanayokwenda chumba cha nyuma hulazimika kupita kuta kadhaa kwa mshazari, na ukuta unaopitwa kwa mshazari ni mnene kuliko ule unaopitwa wima. Ruta ikihamishiwa ukumbini, juu ya usawa wa kichwa, mawimbi hupitia milango ya mbao, ambayo huyaruhusu kuliko mawe. Uhamisho huo hugharimu mita chache za waya tu.

UWEZO WA WAYA NA MASHAKA YAKE

Waya wa mtandao una nyuzi 8 za shaba zilizosokotwa jozi jozi. Ule uliochapishwa Cat 5e kwenye ganda lake hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi umbali wa mita 100, ambao ni zaidi ya mahitaji ya nyumba ya kawaida. Haujali ukuta, jirani wala tanuri la jikoni.

Wapo wanaoshangaa wanapopima kasi kwenye runinga na kukuta waifai ikionyesha nambari kubwa kuliko waya. Sababu ni kwamba runinga nyingi zina tundu la waya lenye kikomo cha megabiti 100 kwa sekunde. Hilo lisimtie mtu wasiwasi. Megabiti 100 zisizotikisika ni zaidi ya mara 6 ya kiwango kinachopendekezwa kwa filamu ya 4K.

Lakini waya una mashaka yake pwani. Chumvi iliyomo katika hewa ya bahari hula viunganishi vilivyoachwa wazi, na shaba hugeuka rangi ya kijani. Jua nalo hulipasua ganda la waya uliotengenezwa kwa matumizi ya ndani. Waya unaopita nje uwe wa aina ya nje, wenye ganda jeusi linalostahimili jua, au upitishwe ndani ya bomba la plastiki. Kabla ya kuingia ukutani, uachwe uning'inie chini kidogo ya tundu la kuingilia ili maji ya mvua yadondoke badala ya kuufuata waya hadi ndani.

Mnunuzi pia ajihadhari na waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu. Waya huo ni mwepesi, hukatika ukikunjwa mara chache na hudhoofisha mawasiliano katika masafa marefu. Njia ya kuubaini ni kuukwangua uzi mmoja kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, ilhali ule mwingine huwa mweupe.

La muhimu kuliko yote ni usalama wa maisha. Waya wa mtandao usifungwe kwenye nguzo za umeme, wala usipitishwe katika bomba moja na nyaya za umeme. Kuunganisha majengo mawili kwa waya wa shaba juu ya paa ni kukaribisha radi ndani ya nyumba zote mbili. Kwa kazi hiyo faiba, ambayo haipitishi umeme, au jozi ya antena ndiyo njia salama.

NJIA ZA KATI

Mpangaji hana uhuru wa kutoboa kuta za mwenye nyumba. Kwake yeye, mifereji myembamba ya plastiki inayobandikwa pembeni mwa sakafu huupitisha waya bila kuacha kovu kubwa, na waya bapa huweza kupita chini ya mlango.

Vifaa vya kukuza mawimbi vinavyochomekwa kwenye soketi huvutia kwa bei, lakini vina upungufu. Kifaa kinachopokea na kutuma kwa redio moja hulazimika kusema kila neno mara mbili, hivyo kasi hupungua kwa takriban nusu. Aidha, kikiwekwa katika chumba ambacho mawimbi tayari ni hafifu, hakina kitu cha kukuza.

Vipo pia vifaa vinavyopitisha data ndani ya nyaya za umeme za nyumba. Hivi hutegemea ubora wa nyaya hizo, na katika majengo ya zamani matokeo yake hayatabiriki.

Suluhisho lililo bora katika nyumba kubwa ni kuchanganya. Waya mmoja hutolewa kwenye ruta hadi upande wa pili wa nyumba, na huko huwekwa kisambazaji cha pili cha waifai. Waya huuvuka ukuta mnene, na mawimbi humaliza kazi ndani ya chumba, mahali yanapofaa.

KUPIMA KABLA YA KULIPA

Kabla ya kununua chochote, vipimo viwili vya jioni moja vinatosha kuonyesha kasoro iliko.

Kwanza, kipakatalishi kiunganishwe kwenye ruta kwa waya mfupi, vifaa vingine vikiwa vimezimwa, na kasi ipimwe. Matokeo yakiwa chini mno ya kifurushi kilicholipiwa, kasoro iko katika safari ya kwanza, na anayepaswa kupigiwa simu ni mtoaji huduma. Mteja mwenye kipimo cha waya mkononi huwa na hoja nzito, kwa sababu hawezi kujibiwa kwamba tatizo ni kuta zake.

Pili, kipimo kirudiwe kwa waifai karibu na runinga, saa hiyo hiyo. Kikianguka sana, kasoro iko ndani ya nyumba, na kifurushi kikubwa hakitaiondoa. Vipimo vyote viwili vikiwa sawa na bado video inakwama, basi ama kifurushi ni kidogo kwa idadi ya watazamaji, ama kasoro iko mbali zaidi.

Kabla ya kutoboa ukuta, inafaa kuazima waya mrefu na kuulaza sakafuni kwa usiku mmoja wa mechi. Ukiondoa tatizo, gharama ya fundi itakuwa na sababu. Usipoliondoa, hakuna tundu lililotobolewa bure.

MLANGO NA UFUNGUO

Waya una kinga moja ya asili: anayetaka kuutumia lazima aingie nyumbani. Mawimbi huvuka ua hadi barabarani. Kinga ya kwanza ya waifai, iliyoitwa WEP, ilivunjwa na watafiti mwaka wa 2001, na haifai kutumiwa tena. Ruta ya leo iwekwe kwenye WPA2 au, ikiwezekana, WPA3 iliyotangazwa mwaka wa 2018. Neno la siri la kiwandani, ambalo hubandikwa chini ya ruta, libadilishwe. Kuingia katika mfumo wa tarakilishi wa mtu bila idhini ni kosa chini ya sheria ya Kenya ya uhalifu wa mitandaoni ya mwaka wa 2018, lakini sheria haimrudishii mtu mechi iliyokwama kwa sababu majirani watano walikuwa wakipakua filamu kwa ruta yake.

Kwa jumla, kanuni inayozifaa nyumba nyingi za Bamburi ni fupi. Kifaa kisichohama, kama runinga ya sebuleni, kitiwe waya. Kinachohama, kama rununu na kipakatalishi, kiachiwe mawimbi. Kila kifaa kinachoondoka hewani na kwenda kwenye waya hupunguza foleni ya barazani, na vile vilivyobaki hewani navyo hupata nafuu. Mara nyingi mita 20 za waya wa shaba halisi, zikinunuliwa mara moja, hufanya kazi ambayo kifurushi kikubwa cha kila mwezi kilishindwa kuifanya.